Kasha Langu la Tarehe

Siku yangu ya kwanza kazini katika boma la Njombe nilisahau mambo manne kabla ya saa sita mchana. Karani Mkuu, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyahesabu kwa vidole, kisha akaniambia, "Bwana mdogo, kichwa ni cha kuvalia kofia. Kumbukumbu weka kwenye karatasi." Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa karani wa masjala, chumba cha kutunzia majalada. Nilijiona msomi, kwa hiyo maneno yale yaliniuma.

Kila ofisi ilikuwa na daftari la kukumbushia, ambamo jambo liliandikwa chini ya tarehe yake. Mimi nililiona halinitoshi. Nikachukua kasha la mbao lililoletewa madebe ya mafuta ya taa, nikaligawa kwa vipande vya kadibodi thelathini na kimoja, kila tarehe na chake. Kazi ilipata kadi, na kadi ikakaa nyuma ya siku yake. Asubuhi nilitoa kadi za leo. Iliyokamilika niliitunga kwenye msumari, isiyokamilika niliisogeza kesho. Niliandika kila kitu, hata kunyoa nywele na kumwandikia mama yangu kule Matamba. Tarishi wetu, mpeleka barua wa ofisi, hakuniacha nipumue.

"Karani, na kupiga chafya umeandika?"

"Ipo, tarehe kumi."

Bwana Shauri mwenyewe, kijana wa Kiingereza aliyesimamia mashauri ya wilaya, alikuja kulitazama kasha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Basi nikavimba kama andazi.

Tarehe mosi Juni alikuja Mama Eliza, mjane. Shemeji yake alikuwa amemnyang'anya vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, na jana yake baraza, mahakama ya wenyeji, lilikuwa limempa shemeji haki. Bila vinyungu, watoto wake wanne wangekula nini? Alikata rufaa kwa Bwana Mkubwa wa Jimbo, Mbeya. Karani Mkuu alimweleza sharti: barua iondoke na gari la posta ndani ya siku thelathini tangu hukumu, la sivyo hukumu haiguswi tena. Tuliiandika, ikatiwa saini, ikafungwa. Nami, kwa kupenda unadhifu, nikaona iende pamoja na taarifa za mwisho wa mwezi. Nikaweka kadi yake mwisho kabisa wa kasha na kuisahau kwa raha zangu.

Tarehe thelathini nilikuta kadi moja tu: kunyoa nywele. Nilikuwa nimeshika kofia Mama Eliza alipoingia, miguu imelowa umande wa baridi.

"Kamwene, mwanangu. Barua yangu imekwenda?"

"Bado, mama. Ina siku yake."

"Siku ipi tena? Nilitia punje thelathini za mahindi koponi. Kila asubuhi namtupia kuku moja. Leo kala ya mwisho."

Nilicheka kidogo, nikafungua kasha nimwonyeshe. Kadi yake ilikuwa nyuma ya thelathini na moja. Kicheko kilinikauka mdomoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Juni ina siku ngapi, bwana mdogo?" aliuliza Karani Mkuu kutoka mezani kwake.

"Thelathini, bwana."

"Na kasha lako?"

Niliichomoa kadi ile. Mfuko wa posta wa Njombe ulikuwa umeondoka alfajiri. Lililobaki ni kuliwahi gari la Mbeya, ambalo lingepita Makambako saa kumi alasiri. Karani Mkuu alinitia bahasha mkononi. "Kimbia. Taarifa zetu zitasubiri, huyu hawezi."

Lori la magome ya miwati, ya kusindikia ngozi, lilikuwa likipasha injini barabarani. Nilidandia juu ya mzigo, na kabla sijakaa nikamwona Mama Eliza naye anapanda.

"Mama, baki. Nitaifikisha."

"Barua hii nimeihesabia siku thelathini. Siiachi njiani na wewe."

Aliichukua bahasha, akaifunga ndani ya kanga yake. Tulitikiswa hadi Makambako, tukinuka magome, na kila lori lilipopunguza mwendo alimgongea dereva paa. Dereva wa posta alikuwa akifunga turubai tulipofika. Mama Eliza alimkabidhi bahasha mwenyewe, na hakusogea mpaka gari lilipopotea machoni. Kabla ya masika kuanza, jibu likaja: vinyungu vyake vilirudi. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Baadaye nilihamishiwa Makambako, chini ya Bwana Barabara, msimamizi wa ujenzi wa barabara, mkali ajabu lakini mwenye haki. Kasha nilikwenda nalo, ila sasa niliandika kadi mbili kwa kila shauri: moja yangu, ya pili nikampa mwenye shida, nikimwambia aje kunigombeza siku hiyo ikifika. Na walikuja! Nimegombezwa na watu wengi wema.

Nilistaafu kwa chai na hotuba, nikaapa kulala hadi jua liwe juu. Wiki ya pili mlango ukabishwa. Nje alisimama mzee mmoja nisiyemkumbuka hata kidogo, ameshika kadi yenye mwandiko wangu.

"Karani," alisema, "tarehe ni leo."

Nikavaa koti, tukaongozana hadi ofisini.