Bosi amenikuta kwenye kitanda cha mgeni

Leo bosi amenifuma nimelala kwenye kitanda cha mgeni. Viatu nimevua kabisa!

Msinihukumu, jamani.

Mnajua nasafisha hosteli ya vijana hapa Maskati. Asubuhi waliingia mabibi wawili wastaafu kutoka Mombasa, wako njiani kwenda kuzunguka Ulaya. Hosteli ndizo wanazoziweza, na wanacheka kama wasichana wa bweni.

Nikawapandishia masanduku ngazi zote, kwa joto hili. Kufika chumbani, kizunguzungu kikanishika.

"Lala hapo kwangu," mmoja wao, Bi Rukia, akasema.

"Bibi, nitafukuzwa kazi."

"Nimesema lala."

Nikalala. Mtu mzima akikuamuru, utafanyaje?

Mara bosi huyo, mlango wazi kwa kishindo. Ni Mwomani, wazazi wake walitoka Unguja.

"Nnakulipa ufue mashuka au uyalalie? Funga mizigo yako!"

Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Watoto wangu wanasoma kwa kazi hii.

Bi Rukia akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Baba, kwenu mwaingia chumba cha wanawake bila hodi? Na wazee hamuwaamkii?"

Jamani, yule mtu alivyonywea!

"Shikamoo, bibi. Nisamehe." Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Kisha tukasikia anabisha.

"Hodi wenyewe. Huyo binti anaendeleaje?"

Kazi bado ninayo, na nimeambiwa nipumzike hadi kesho. Miaka yangu yote huku, ndiyo mara ya kwanza kuulizwa hali.

Waombeeni mabibi zangu safari njema. Nataka kuona amina zenu hapa.