Diski Iliyotoka Malishoni

Kibanda cha Kaltuma binti Godhana kiko Garsen, kando ya barabara inayoelekea Hola, kati ya duka la dawa za mifugo na mama anayeuza chai ya maziwa. Wafugaji wanaoingia kwa jirani huchungulia na kwake pia, na wakimkuta ameinamia kompyuta iliyofunuliwa tumbo, humtania.

"Huyu anaumwa nini, binti Godhana? Minyoo?"

"Vumbi," hujibu bila kuinua uso. "Ugonjwa wenu nyote."

Ufundi wa kompyuta aliusomea Hola, katika umri ambao Waorma wenzake, wafugaji wa nyanda za Tana, walitarajia awe ameshaolewa. Baba yake hakumkataza. Alisema tu kwamba hajawahi kuona mnyama asiyekula nyasi akamlisha mtu. Siku hizi mzee huja kuchaji simu kibandani, na hilo la nyasi halitaji tena. Kaltuma huangalia kitu kwa muda mrefu kabla ya kukigusa, jambo linalowaudhi wateja wenye haraka. Na wenye haraka ni wengi. Mto Tana umewazoeza watu wa hapa kwamba maji yakija, anayesita hupoteza.

Baada ya mafuriko ya mwisho, Gollo, msimamizi wa redio ya jamii, alifika kibandani pamoja na mtangazaji wake, Bahiya. Gollo alibeba sanduku jeusi la chuma lenye matundu manne yaliyo wazi. Bahiya alishika leso yenye diski tatu, na kwa mkono wa pili diski ya nne, iliyogandwa na tope.

Humo ndimo zilimokaa sauti zote ambazo Bahiya amezikusanya tangu redio ianze: mabibi wa Kipokomo, wakulima wa kando ya mto, wakisimulia hadithi za mamba, wazee wa Kiorma wakitaja koo zao na visima vyao, nyimbo za wapiga makasia. Wengi wa wenye sauti hizo wamekwisha kuzikwa. Nakala nyingine haikuwapo popote.

"Nani aliyezichomoa hizi diski?" Kaltuma aliuliza.

"Mimi," Gollo alisema. "Maji yalikuwa yanakuja. Na wewe mtoto wa mfugaji utaniuliza hilo? Ng'ombe wote huwezi kuwaweka boma moja. Balaa likishuka huku, wa kule wamebaki. Nikazigawa. Moja kwa shemeji yangu Halake, malishoni, mbali na mto. Moja kwa imamu hapa Garsen. Moja nikaenda nayo Hola. Na moja..."

Alimtazama Bahiya.

"Moja nilikwenda nayo nyumbani, Idsowe," Bahiya alimalizia. "Nikaiweka juu darini. Ukuta ukaanguka, dari ikafuata."

"Mpokomo ukimpa kitu akuwekee, hukiweka karibu na mto," Gollo alisema.

"Na Muorma ukimpa kompyuta, anaichunga."

Walicheka, kisha kicheko kikawakauka wote wawili kwa pamoja.

Kaltuma alizipanga diski mezani. "Hawa si ng'ombe, Mzee. Ng'ombe mmoja akiwa peke yake bado ni ng'ombe. Diski moja kati ya hizi, peke yake, haina hata wimbo mmoja uliokamilika."

Akawaeleza. Mpangilio huu mafundi huuita RAID. Sauti hukatwa vipande, na vipande husambazwa katika diski zote pamoja na hesabu ya ziada, ili kipande kikipotea kiweze kupatikana kutokana na vile vilivyobaki. Katika nne hizi, moja ikifa, tatu zinaweza kusema maneno yake. Zikifa mbili, zilizobaki ni bubu.

"Basi imekufa moja, hii ya Idsowe," Gollo alisema. "Mbona sanduku linakataa? Kule ofisini liliwasha taa nyekundu likaniuliza kama liziandae diski upya. Nilikuwa nabonyeza ndiyo. Huyu akanishika mkono."

"Mungu amzidishie. Kuandaa upya ni kufuta."

Gollo alikaa chini.

Kaltuma aliziunganisha diski moja moja na kompyuta yake, akiziuliza tu, bila kuandika chochote juu yake. Kila diski huweka kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipofanya kazi na wenzake. Ya Hola na ya imamu zilikubaliana. Ya Halake ilikuwa nyuma.

"Hii uliitoa lini?"

"Mwanzo kabisa. Muuzaji aliniambia moja ikitoka, kazi inaendelea. Nikaichomoa, nikampa Halake alipokuwa anahama. Sisi tukaendelea kurekodi habari za maji. Karibu wiki."

"Ndiyo sababu. Sanduku limeiona imerudi, likasema huyu amekosa mengi, si mwenzetu tena."

Bahiya alikuwa anabandua tope kwa ukucha kwenye ile diski yake. "Kwa hiyo mbili zinajuana, moja imepitwa, na moja nimeiua mimi."

"Mvua ndiyo iliyoiua. Sikiliza. Naweza kuzilazimisha hizi mbili ziikubali hii ya malishoni. Yaliyorekodiwa ile wiki yatatoka yamevunjika. Ya zamani yanaweza kutoka mazima. Siahidi, dada. Na kwanza nitazinakili zote tatu, nifanye kazi kwenye nakala. Nikikosea, za asili ziwe hazijaguswa."

Nakala mbili zilikwenda vizuri. Ya Halake ilikuwa imesafiri juu ya punda, imelala kwenye jua, imenywa vumbi la nyanda zote. Ilipofika katikati ikaanza kugota, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Umeme ukakatika, betri ya sola ikapokea. Bahiya alishika kikombe cha chai mpaka chai ikawa na utando.

"Inakufa?"

"Inatafuta. Pameumia hapo. Nimeiambia iruke, ichukue kwanza palipo pazima, kisha irudi."

Kuna kungoja ambako watu wa mtoni wanakujua vizuri: unakaa kwenye mwinuko wa ardhi ukitazama maji yaliyofunika shamba lako, na hujui chini yake kuna nini. Huwezi kuyasukuma. Bahiya alikaa vile. Zile mashine hakuwa akizilaumu wala kuziomba. Midomo yake ilikuwa inataja majina, taratibu, ya wale aliowarekodi.

Diski iliruka, ikarudi, ikasoma mara ya pili pale ilipogota, na safari hii ikatoa karibu yote. Kaltuma akaziweka nakala tatu pamoja na kuziamuru zishikane, akizifunga zisiandikwe kitu. Majina ya mafaili yakajitokeza kwenye kioo. Gollo alipiga makofi.

"Bado," Kaltuma alisema. "Jina linaweza kubaki na mwenyewe hayupo."

Akamwachia Bahiya achague. Bahiya alichagua Bibi Tuneya wa Ndera.

Kwanza kulikuwa na jogoo. Kisha kikohozi, kisha sauti ya kike iliyozeeka, yenye ukali na furaha: "Hicho kidude chako kinasikia, au naongea na ukuni?" Na Bahiya mwenyewe, akiwa kijana zaidi, akicheka mle ndani. Bahiya wa kibandani alifunika uso kwa leso iliyokuwa imefunga diski. Gollo akatoka nje kumwuliza mama chai kitu asichokihitaji.

Aliporudi alikuwa amejikaza. "Kwa hiyo nilikuwa sawa kugawa."

"Kugawa ulikuwa sawa, Mzee. Kosa lako ulimgawa ng'ombe mmoja vipande vinne. Ukitaka kugawa, kwanza azae mwingine mzima."

Ndivyo alivyowatengenezea. Sanduku lilipata diski nne mpya, kengele ya kulia moja ikiugua, na onyo la kutochomoa chochote wakati sanduku linawaka. Nje ya sanduku, nakala nzima, inayoweza kusema peke yake, ikapelekwa kukaa Hola.

Sauti za wiki ya mafuriko zilitoka mikwaruzo mitupu. Miongoni mwake yalikuwa mazungumzo ya Mzee Ngumbao, aliyesimulia jinsi mto ulivyowahi kuhama njia yake. Bahiya alimpigia simu palepale kibandani, akaanza kuomba radhi kwa kuzunguka.

"Kwani mimi nimekufa?" sauti ilifoka mpaka Kaltuma akasikia. "Siku ile mlikuwa na haraka ya maji, mkanikatisha kabla sijafika penyewe. Njooni niwasimulie vizuri. Na mje na sukari."

Bahiya alikata simu. Akamwomba Gollo kinasa sauti, akakijaribu kwa kuhesabu mpaka tatu, akaondoka kutafuta pikipiki.