Ringi Iliyokuwa Kengele ya Shule

Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na haikuwa usiku. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikisimulia kuna mtu anadakia, "Mama Shabani, labda jua lilikupiga." Jua la Singida nimezaliwa nalo, nimelima chini yake na kuuza vitunguu chini yake, na halijawahi kunionyesha mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo kaa unisikilize hadi mwisho, kisha useme utakalo.

Marehemu mume wangu aliniachia mtoto mmoja wa kiume na lori moja la zamani. Ni lile la pua ndefu, ambalo ukilifungua boneti unaweza kuingia ukakaa. Vijana wa stendi wanaliita Bibi, na mimi wananiita Mwenye Bibi. Nimewazoea. Kwa lori hilo tunabeba alizeti na vitunguu kutoka vijiji vya Mtinko kupeleka mjini, na mwanangu Shabani ndiye dereva, ndiye fundi, ndiye mpakiaji. Mtu akiniambia niliuze kama chuma chakavu huwa simjibu, ila chai yangu hanywi tena.

Shida ya Bibi ni miguu. Tairi mpya zimejaa mjini, lakini nyingi ni za ringi za siku hizi, zisizotaka mpira wa ndani. Ringi ya Bibi ni ya vipande: kuna ringi yenyewe, halafu kuna pete ya chuma inayogongwa pembeni ili kuishikilia tairi isichomoke upepo ukijaa. Fundi mmoja alitaka kunifungia ringi za kisasa, nikamwonyesha kuwa matundu ya nati hayalingani hata yakiombewa dua. Mwingine akataka zile pacha za nyuma aweke moja ya waya na moja ya nyuzi, moja ndefu na moja fupi. Nikamuuliza, baba, wewe ukivaa kiatu kirefu na kifupi utabeba gunia? Nimeishi na mwenye lori, najua pacha zikipishana kimo ile ndefu hubeba mzigo wote peke yake mpaka ipasuke.

Tairi tukaipata, ya nyuzi, kimo kilekile. Ringi ndiyo ikawa kitendawili. Ile ya nyuma kulia ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba Shabani alikuwa anaigonga kwa hofu. Tukauliza mjini, tukauliza hadi Kiomboi, tukarudi mikono mitupu. Mpaka siku moja akarudi kutoka kupakia vitunguu, anacheka peke yake.

"Mama, ringi yetu nimeiona. Inaning'inia kwenye mti shuleni. Wanaigonga watoto waingie darasani!"

Kama umesoma shule za huku kwetu hutashangaa. Wangapi kati yetu tuliamshwa na ringi ya lori iliyogongwa kwa nondo? Basi nikanunua kengele nzuri ya shaba, ya kushika mkononi, tukaenda nayo kijijini, mbele ya Mtinko, tubadilishane. Nilipoipima ile ringi ilikuwa ndugu wa ringi za Bibi kabisa: upana, matundu, hata pete yake ilikuwa bado imefungwa pembeni kwa waya. Mwalimu mkuu, kijana mcheshi, alifurahi kupita kiasi. Alisema ringi ile aliikuta, na aliyemwachia ofisi naye aliikuta. Sikuuliza zaidi. Nani anauliza habari za kengele?

Tulilala pale kijijini kwa shangazi, asubuhi tukatafuta vitunguu, vikakosekana, tukaondoka na lori tupu baada ya adhuhuri. Hatukufika mbali. Kwenye ule mteremko wenye mawe makubwa, ile ringi ya kutu ikakata tamaa na tairi ikalala chini.

Shabani hakusikitika, alifurahi. Akashusha ringi ya shule, akaivalisha tairi mpya, akaigonga pete mpaka ikakaa. Ilibaki kujaza upepo tu, na upepo tunao wenyewe, tunautoa kwenye tangi la breki za lori kwa mpira mrefu. Lakini jeki nayo ikagoma. Akasema anakimbia kwenye nyumba za chini kuazima, akirudi anajaza upepo, tunafunga, tunaondoka. Nikabaki peke yangu, jua likiwa bado juu, upepo wa Singida ukinipiga khanga miguuni hadi nikaifunga fundo.

Nilikuwa nimeegemea bampa nilipomwona kijana anatoka upande wa mawe. Miaka yake ishirini na kitu. Amevaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, makatambuga ya tairi, na suruali ya kijivu ya bugaluu, pana chini kama ya zamani zile. Nikajisemea, kumbe fasheni hii imerudi! Mkononi alikuwa na mtaimbo mdogo wa kubandulia tairi. Fundi, nikashukuru.

Nikasubiri aniamkie. Mimi nina wajukuu wa kaka zangu wenye umri wake. Akanikaribia, akatabasamu, akasema, "Habari za safari, mdogo wangu?"

Mdogo wangu! Nakuambia damu ilinipanda.

"Mdogo wako nani?" nikamwambia. "Kwenu hawafundishi shikamoo?"

Akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyekumbushwa jambo. "Wanafundisha. Wewe ndiye ungetakiwa kuniamkia mimi. Lakini usijali, nimezoea."

Ningemfukuza, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa ameshachuchumaa kwenye gurudumu letu, anapitisha kiganja chake kwenye ringi taratibu, huku anaitazama kama unavyomtazama mtu mliyewahi kugombana. Akachukua mtaimbo akaigonga upande mmoja. Ikalia vizuri, sauti ndefu ya shule. Akageuza gurudumu kidogo, akagonga upande wa pili. Ikatoa sauti fupi, ya chungu kilichopasuka.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesikia.

"Chuma hiki kilikuwa na ufa kabla hakijapandishwa mtini. Wamekigonga miaka yote hiyo, ufa umetembea hadi kwenye kitako cha pete. Ukitia upepo pete itakaa, itakaa, utadhani imekubali. Halafu itaruka. Na anayejaza upepo huwa ameinama hapa." Akainama kunionyesha, kifua chake juu ya pete, uso chini. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa hapo ndipo nilipoiona ile suruali. Upepo ulikuwa unavuma, majani makavu yanakimbia barabarani, khanga yangu inataka kufunguka fundo lake. Ile bugaluu ya kijivu, kitambaa chote kile kipana, haikutikisika. Ilikuwa imetulia miguuni kwake, kama suruali iliyotundikwa chumbani. Niamini, nilitaka kukimbia. Nikang'ang'ania bampa.

"Nani anajaza upepo?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mwanangu."

"Una wangapi?"

"Huyo mmoja."

Akashusha pumzi. Akaniambia nishike mtaimbo wetu mkubwa niukandamize upande huu, yeye akachomeka wake upande ule, na kwa namna ambayo siwezi kuieleza hofu ikapungua, kwa sababu mikono yake ilikuwa mikono ya fundi tu, inajua inachokifanya, na sauti yake ilikuwa ya mtu mpole anayenifundisha kazi. Pete ikachomoka. Akaisukumia mbali majanini.

"Ringi itafute pamoja na pete yake, zilizozeeka pamoja," akasema. "Na siku mkijaza upepo, msijaze mkiwa mmeinama. Lazeni gurudumu chini ya lori, pete iangalie ardhi, mpitishe mnyororo. Msimame mbali. Sisi tulikuwa tunaona ni uoga." Kisha akasimama, akajifuta mikono kwenye shati. "Na hii irudishe ulikoitoa. Yupo anayeisikiliza."

Nikainama kuokota mtaimbo wangu. Nilipoinuka, barabara ilikuwa tupu huku na huku, na kwenye mawe hapakuwa na mtu.

Shabani alirudi na jeki begani, akakuta pete imetoka, akaja juu. "Mama, nani kabomoa kazi yangu? Unajua nilivyotoka jasho?" Nikamuuliza amepishana na nani njiani. Hakupishana na mtu. Sikumweleza. Nikamwambia agonge ringi upande ule. Akagonga. Akagonga tena, akachukua brashi ya waya akasugua kutu, na ufa ukajitokeza, mwembamba, mrefu, umeingia mpaka pale pete inapokaa. Mwanangu aliketi chini. Akasema tu, "Ningekuwa nimeinama hapa."

Tukaifungua ile mbovu, tukaliburuta Bibi polepole hadi mjini kwa tairi moja upande ule, lori likiwa tupu. Usiku huo nilimwangalia Shabani anavyokula ugali, nikalia bila kujificha.

Haikupita wiki tukairudisha ringi na pete yake. Mwalimu mkuu alishangaa, lakini kabla hajanihoji, nikamwona bibi mmoja ameketi kwenye kigoda nje ya uzio wa shule, nyumba yake iko palepale ng'ambo ya njia. Alikuwa anaitazama ringi inavyoshushwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeichukua?"

"Ni mimi, bibi. Nimeirudisha."

"Asubuhi ile nilikaa nikaisubiri," akasema. "Sikusikia kitu. Nikadhani nimekuwa kiziwi."

Aliitwa Bibi Mwajuma. Nikaketi chini karibu na kigoda chake, nikaanza kumsimulia kila kitu, kwa sababu nilihisi simulizi ni yake zaidi kuliko yangu. Nilipofika kwenye suruali akaniinulia mkono.

"Bugaluu ya kijivu?"

"Ya kijivu, bibi."

"Niliikunja upindo mimi mwenyewe. Nilimwambia ni ndefu mno, ataikanyaga."

Ndipo aliponieleza. Mumewe Omari alikuwa fundi wa tairi pale kwenye mteremko wa mawe, zamani, malori ya pua yakiwa ndiyo yanayopita. Walikuwa wameoana, wamevuna mavuno ya msimu mmoja tu. Siku moja alikuwa ameinama anajaza upepo gurudumu la watu, na pete ikaruka. Mwenye lori hakutaka tena ile ringi. Baba yake Omari akaibeba, akasema chuma hiki hakitapanda gari tena, kiwaite watoto shuleni. Na mjane akajenga mahali anapoisikia.

Nikapiga hesabu ya miaka. Wakati huo mimi nilikuwa mgongoni kwa mama yangu. Kwa hiyo alikuwa kaka yangu kweli, na mimi ndiye niliyemnyima shikamoo.

"Alikuwa amekonda?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Alikuwa na afya. Mpole."

Akatikisa kichwa, kisha sauti ikamgeuka. "Miaka yote hii, hata ndotoni hajaja. Namwita kila asubuhi ikigongwa. Wewe kakutokea mchana kweupe, kwa ajili ya tairi!"

Niliona aibu, kana kwamba nimemnyang'anya kitu. Nikamwambia neno la mwisho la yule kijana, ambalo nilikuwa sijalifikia wala sikujua kuwa lina mwenyewe.

"Bibi, alisema niirudishe. Alisema, yupo anayeisikiliza."

Bibi Mwajuma akajifunika uso kwa khanga. Alikaa ndani ya khanga ile mpaka ringi ilipopandishwa mtini, na mwalimu, bila kujua lolote, akaigonga kujaribu.

Leo Bibi, yaani lori, ana ringi na pete zilizozeeka pamoja; tulizipata Mitundu kwa mtu aliyefanya lori lake banda la kuku. Shabani hajazi upepo bila mnyororo, na wakimcheka anawaacha wacheke. Shule ina kengele mbili: ya shaba ya vipindi, na ringi ya asubuhi. Nami nakuomba wewe unayenisikiliza. Ukinunua chuma cha zamani, uliza kimetoka wapi na kimemfanyia nini mtu, hata kama anayekuuzia anaona unapoteza muda. Kigonge pande zote. Na ukikutana na kijana barabarani asiyekuamkia, usiwe mwepesi kumfokea. Humjui ana miaka mingapi.

Safari zangu za Mtinko sasa nazipanga nifike shuleni alfajiri. Namwambia Shabani azime injini, nashuka, nasimama kwenye uzio karibu na kile kigoda. Ringi ikilia, nasema kwa sauti, "Shikamoo, kaka."

Na Bibi Mwajuma, bila kugeuka, hunijibu kwa niaba ya mumewe: "Marahaba, mdogo wetu."