Ng'ombe wa Hazina na Miti ya Mama

Mama yangu alikuwa hapendi utani hata kidogo, na bahati yake mbaya ni kwamba aliishi Shinyanga. Sisi asili yetu ni Wazaramo. Babu alikuja bara na mizigo ya watu kichwani, akachoka, akabaki. Sasa Mzaramo akiwa katikati ya Wasukuma ni mtani, apende asipende. Atachambwa sokoni, atanyang'anywa kofia, na siku ya msiba wake watani watajitupa ndani ya kaburi walale humo, hawatoki mpaka wapewe wanachodai. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Mama aliyaita yote hayo upuuzi, na akikutana na mtani njiani alitazama upande wa pili.

Alichopenda yeye ni miti. Reli ilikuwa imefika kwetu juzijuzi tu, mji ni vumbi tupu, na watu walioleta ng'ombe mnadani walishinda juani kutwa. Mama akaomba kwa mtemi kipande cha ardhi kando ya mnada, akapanda mikwaju na mizambarau ili watu wapate kivuli. Wanawake majirani wakamsaidia, bure. Wanaume tulikuwa wachache, maana wengi wenye nguvu zao walikuwa wamekimbilia dhahabu Geita. Mimi nilikuwa fundi cherehani, mtu mzima mwenye masharubu, na kila alasiri nilibeba maji kwa mzega, debe mbele, debe nyuma, kutoka lamboni hadi kwenye miti, wateja wangu wakinicheka. Wala si kwamba niliipenda miti kiasi hicho. Nilimwogopa mama.

Naye alibeba debe lake kichwani. Mwaka wa tatu magoti yakaanza kumvimba. Akitua debe, alikuwa anashika shina la mkwaju wake wa kwanza, anatulia kidogo, halafu anajifanya anakagua majani. Siku moja akaniambia, "Kiangazi hiki nitamaliza. Kingine siwezi. Tusipopata kisima, miti hii inakufa." Alisema kama mtu anayenituma chumvi dukani, lakini maneno yale yaliniuma.

Tukaanza kuchimba wenyewe palepale katikati ya miti. Tulipofika kina cha kifua tukakuta mwamba, majembe yakagoma. Ndipo nikaandika barua kuomba msaada wa hazina ya mtemi, ile iliyotokana na kodi za watu wote. Ilitaka uso mkavu kuomba hivyo, kwa sababu hazina ile, kwa upande wa miti, ilijua kazi moja tu, kuifyeka. Mbung'o walikuwa wanamaliza ng'ombe, kwa hiyo kila kiangazi watu waliitwa kwenda kukata mapori wanamojificha, na hazina ikatoa dume la kuwalisha wakataji. Karani wa mtemi aliisoma barua yangu mara mbili, akanitazama, akaisoma tena.

Lakini baraza la mtemi likakubali. "Mtapewa dume moja na mfuko wa chumvi," karani aliniambia. "Waite vijana wa kazi, walishwe, wawachimbie kisima. Ila nenda wewe mwenyewe ukamweleze nsumba ntale ni kazi gani."

Nsumba ntale ndiye kiongozi wa vijana wa kazi, na huyo wa kwetu ndiye aliyekuwa ameninyang'anya kofia yangu nyeupe, akaivaa mnadani siku nzima juu ya kichwa kinachotoka jasho. Kumfuata nyumbani kwake ilikuwa ni kujipeleka mwenyewe machinjioni. Nikaona nitumie akili. Nilimtuma mpiga mbiu atangaze kwamba hazina imetoa ng'ombe, vijana waje Jumatatu kwenye miti ya Wazaramo. Kisima sikukitaja; nilijua wakishakula nyama hawatakataa kuchimba. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikipiga mluzi.

Jumatatu walikuja na ngoma, wanacheza njia nzima kama desturi yao. Mama alikuwa amevaa kanga mpya. Dume likachinjwa asubuhi ileile, wakachoma maini wakala kwanza, nami natabasamu kwa kila mtu kama bwana harusi. Kisha nikaanza kutafuta jembe kwa macho. Hakukuwa na jembe hata moja. Kila kijana alikuwa na shoka begani. Ng'ombe wa hazina, kiangazi, na mahali penye miti: nani Shinyanga angebeba kitu kingine? Nikajipenyeza katikati ya wachezaji kumfikia nsumba ntale, nikipayuka, na ngoma ikafunika sauti yangu. Nilipomfikia, mkwaju wa kwanza wa mama ulikuwa chini.

Nikamgeukia mama nikidhani atalia au atanizaba kofi, na nilistahili vyote viwili. Hakufanya hata kimoja. Aliutazama ule mkwaju, akaitazama ile miti mingine, kisha akasema, "Nishike mkono."

Nikamshika. Akaenda hadi kwenye shimo letu la kisima, akakaa ukingoni, akateremka polepole na magoti yake yale. Akalala chali mle ndani, akajifunika kanga mpya mpaka usoni. Ngoma ikakatika. Hakuna Msukuma asiyejua maana ya mtani aliyelala shimoni.

Nsumba ntale akainama ukingoni. "Mayu," akasema, kwani ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "unafanya nini humo?"

"Mnazika miti yangu," mama akajibu chini ya kanga. "Mimi mtani wenu nimeingia kaburini. Sitoki mpaka nilipwe."

"Tukulipe nini? Au umeona dhahabu huko chini?"

Vijana wakaangua kicheko. Mama hakutikisika.

"Nimeiona. Chimbeni mpaka yatoke maji."

Yule bwana akanigeukia mimi, na hapo ikabidi niseme yote, barua, mbiu, hadi kofia. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu macho yake yakaangukia ule mkwaju, akaacha kucheka. Kumkatalia mtani aliye shimoni hakuweza, na maini ya hazina yalikuwa tayari tumboni mwao. Akawatuma vijana majembe na mitaimbo. Mama hakukubali kutoka mpaka alipoona mtaimbo wa kwanza kwa macho yake.

Walichimba siku tatu, wakapasua mwamba, maji yakapatikana. Mama alirudia kununa kwake na hakutania tena maishani, ila mimi nikikwepa jambo lolote alikuwa ananitazama na kusema neno moja tu, "Kofia." Nilikuwa napata aibu kila mara.

Alifariki miaka michache baadaye. Kisiki cha mkwaju wake kilikuwa kimechipua, na watu wa mnadani walikuwa wanapumzika kivulini bila kujua ni miti ya nani. Tulipofika makaburini nsumba ntale akatupita, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivua kofia yangu nikamnyooshea.

"Hiyo nimeshaivaa," akasema. "Mayu alinitoza kisima kizima. Nataka maji yake."

Nikaenda kisimani mwenyewe, nikarudi na kata ya maji mkononi. Akainuka akakaa, akanywa yote, taratibu, watu wote wakimsubiri. Kisha akanirudishia kata, akaniinulia mkono wake kutoka kule chini.

"Nishike mkono," akasema.

Nikamshika, nikamtoa, tukamlaza mama.