Mlio Asiousikia Fundi Alio

Amran jirani ndiye aliyeileta habari, kama kawaida yake, kabla hata hajavua viatu mlangoni.

"Abaayo, dada yangu, umesikia? Mzee Alio siku hizi anauma magari."

Weris alikuwa ameketi mkekani akimnyonyesha Ilhan. Akainua macho. "Anauma vipi?"

"Kwa meno! Nimemwona kwa macho yangu haya. Ameinama ndani ya boneti, meno yamekamata, amefumba macho kama mtu aliyepewa nundu ya ngamia. Wallahi yule mzee ameingiwa. Dizeli ya jeshi imempanda kichwani."

"Labda alikuwa anafungua kitu."

"Kwa meno? Spana zimeisha Garissa?"

Weris alicheka, maana Amran asipochekewa hukaa mpaka magharibi. Lakini moyoni hakucheka. Alijua mzee alikuwa anafanya nini, na alijua kwa nini.

Nyua za Weris na mzee zilitenganishwa na uzio wa mabati yenye matundu, na mwanamke mwenye mtoto mchanga huona mengi kwa kuwa hana pa kwenda. Tangu aolewe na kuletwa katika bulla hii, mtaa wa Garissa, Weris alikuwa amemwona Alio akifanya kazi kwa namna moja tu. Gari likiwashwa, mzee huchukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, kisha akatulia kama mtu anayesikiliza siri. Ndivyo alivyofunzwa jeshini. Chuma kinapeleka sauti, mti unaipokea, na fundi anajua ugonjwa uko wapi kabla ya kufungua hata nati moja.

Lakini tangu mvua za vuli zilizopita mpini ulihama. Ulitoka sikioni ukaenda menoni. Mzee aliuuma, akafumba macho, akaacha mtetemo umpande kwenye taya na kuingia kichwani kwa njia ya mifupa. Mtu haachi sikio lake akaenda kwenye meno bila sababu.

Alio alizaliwa upande wa Kotile, katika boma la ng'ombe, na baba yake alitaka achunge. Yeye akachunga malori. Aliingia jeshini akiwa kijana mwembamba, akafundishwa ufundi katika karakana za Gilgil na Nanyuki, kisha akarudishwa huku kwao kaskazini pamoja na misafara iliyopeleka maji na chakula kambi za mpakani. Alipostaafu alirudi na sanduku la spana, alama ya moto kwenye mkono wa kushoto, na Kiswahili cha kambini ambacho hutoka kinywani mwake kama amri hata anapoomba chumvi. Ndevu zake anazipaka hina. Mke wake, Allah amrehemu, alifariki kabla Weris hajafika hapa, na tangu hapo mzee anaishi na magari ya watu.

Weris alimwita adeer, yaani baba mdogo, naye mzee akamwita adeer vilevile, kama ilivyo desturi ya Wasomali, mkubwa kumrudishia mdogo jina analoitwa naye. Ilhan peke yake ndiye aliyepewa cheo. "Afande!" mzee angemwambia kila asubuhi kupitia tundu la bati, akipiga saluti kwa mkono wenye grisi. "Usiku umepita salama?"

Alikuwa na haki ya kumtania mtoto huyo. Siku Weris aliposhikwa na uchungu, mumewe Shuaib, ambaye ni dereva, alikuwa Mandera. Gari lililokuwa karibu lilikuwa pikapu ya mteja iliyong'olewa milango. Alio aliliwasha hivyo hivyo, Amran akampakata Weris asije akadondoka njiani, na mzee akaendesha mpaka hospitali akiimba wimbo wa gwaride kwa sauti kubwa ili mwanamke asijisikie akilia. Mwenye pikapu alipokuja kulalamika, Alio alimwambia, "Gari lako limepata thawabu kuliko wewe."

Saa za jua kali, Weris alipokuwa akifua nguo za mtoto, mzee alikaa upande wake wa uzio akisafisha vyuma kwa mafuta ya taa na kusimulia.

"Elwak, adeer, tulizama. Lori zima, mpaka ekseli. Sajenti wetu akalitukana lile lori mpaka koo likamkauka. Nikamwambia, afande, gari halijui Kiswahili. Tukatoa upepo kwenye tairi, kidogo kidogo, mpaka zikakaa kama chapati. Basi likatoka lenyewe, polepole, kama bibi harusi."

"Kumbe."

"Kwa hiyo mume akirudi safari amevimba, usimwongezee upepo. Mtoe kidogo. Atatembea."

Weris alicheka mpaka Ilhan, aliyelala mgongoni, akashtuka.

Na mawaidha yake yote yalikuwa hivyo, nusu ya gari, nusu ya mtu. Usiegeshe chini ya mti wa mathenge, maana mwiba wake haubagui tairi mpya na kuukuu. Maji ya rejeta ni ya rejeta. Binadamu akiwa na kiu atasema, rejeta haisemi, inapasuka. Usimwamini dereva anayesifu gari lake, na usimwamini anayelisema vibaya. Weris hakuwahi kushika usukani maishani mwake, lakini aliyaweka hayo yote, kama mtu anavyoweka vipande vya kitambaa kizuri bila kujua atashona nini.

Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuona. Aliona mzee haanzi kujitayarisha kwa sala mpaka aone watu wengine wanachukua birika za udhu, ilhali zamani adhana haikumaliza neno la kwanza kabla hajaweka spana chini. Aliona anatazama midomo ya watu badala ya macho yao. Siku moja Ilhan alilia kwa ile sauti nyembamba ya mtoto aliyeumwa na siafu, karibu kabisa na uzio, na mzee hakugeuka.

Hakumwambia mtu, hata Shuaib. Huku kwetu watu hawakuiti kwa jina la baba yako. Wanakuita kwa kasoro yako. Mrefu ni Dheere mpaka kaburini, na kiziwi ni Dhegoole, na watoto wake ni watoto wa Dhegoole. Mtu mwingine angelivumilia jina hilo. Fundi ambaye madereva wote wa njia ya Wajir na Mandera humletea magari ayasikilize kabla ya safari, huyo likimshika jina hilo hana kazi tena. Na Alio bila magari, Weris hakuweza hata kumfikiria. Angekaa wapi? Angezungumza na nani?

Basi asubuhi moja, baada ya ile habari ya Amran, Shuaib alipakia Landkruza bidhaa za kupeleka Elwak: unga, sukari, magodoro juu. Akaisogeza kwa Alio ikasikilizwe, pua yake karibu na uzio. Madereva wengine wawili walikuwapo wakinywa chai na kubishana mpira. Amran naye alikuwa amekuja kwa Weris kuazima chungio, na akabaki kuchungulia mabati.

"Tazama, tazama, anauma!" alinong'ona.

Alio alikuwa ameuma mpini, macho yamefumbwa. Shuaib alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Mzee akatoa mpini mdomoni, akaupangusa kwa shati.

"Moyo uko sawa," alitangaza. "Hii itakufikisha Elwak na kukurudisha. Bismillahi."

"Fundi akisema sawa ni sawa," Shuaib alisema, akafunga boneti.

Lakini Weris alikuwa amesikia. Kila Shuaib alipoachia mafuta, chini ya ngurumo ile palikuwa na mlio mwembamba, wa juu, kama wa kifaranga aliyepotea: kwi, kwi, kwi, kisha unakatika. Madereva walikuwa wanabishana. Shuaib alikuwa ameshaupeleka moyo wake njiani. Ni mtu aliyezoea kuamka kwa pumzi ya mtoto tu ndiye angeusikia.

Alisimama pale na Ilhan mgongoni. Akipaza sauti, "Adeer, kuna kitu kinalia," mbele ya madereva na mbele ya Amran, mzee ataulizwa mbona yeye hakusikia, na jua halitatua kabla ya jina kupatikana. Akinyamaza, mumewe ataingia katika njia ile ndefu isiyo na kivuli, na kitu kinacholia kitanyamaza huko mbele kwa namna yake.

"Baba Ilhan!" aliita. "Huendi bila kula. Anjera ziko moto."

"Nilishakunywa chai, Weris."

"Chai si chakula. Njoo na wenzako, zinatosha."

Madereva hawakungoja kualikwa mara ya pili. Amran akaachiwa kazi ya kuwatilia samli, kazi aliyoipenda kwa sababu ina umbea ndani yake, na Weris akachukua kikombe cha chai akazunguka uzio mpaka kwa mzee.

Alimkuta anakusanya spana. Alisimama mbele yake, si ubavuni, ili aone midomo yake.

"Adeer, hilo gari linalia."

"Nani analia?"

"Gari. Mbele. Kama kifaranga."

Mzee aliweka spana chini. Uso wake ulifungwa kama duka. "Mimi nimelisikiliza hilo gari kabla hujazaliwa wewe."

"Gari lenyewe lilikuwa halijazaliwa, adeer," Weris alisema taratibu.

Pengine siku nyingine angecheka. Sasa alitazama kule kwenye anjera, ambako kicheko cha Amran kilikuwa kimepanda, kisha akarudisha macho kwa Weris. Hakuuliza amejua tangu lini. Alipanda garini, akaliwasha, akashuka.

"Linalia vipi? Nionyeshe."

Weris alijaribu kuiga kwa mdomo, na papo hapo akaona upumbavu wake. Akatazama huku na huku. Palikuwa na debe tupu karibu na gurudumu. Akaliinua, akamwonyesha mzee aweke kiganja upande mmoja, na upande wa pili yeye akagonga kwa kucha: tik, tik, tik, kimya. Tik, tik, tik, kimya. Mzee akarudi garini, akakanyaga mafuta kidogo kwa mguu mmoja, mkono umenyooka nje ya mlango ukiwa bado kwenye debe. Injini ilipokwenda mbio, kucha za Weris zikaenda mbio. Ilipopoa, zikapoa.

Alio alizima gari. Alifungua boneti, akaingiza mikono yote miwili, akashika feni, akaitikisa mbele na nyuma. Weris aliiona ikicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Pampu ya maji," mzee alisema, polepole. "Beringi imekwisha. Ingemfikisha Wajir. Baada ya Wajir..." Alikaa kwenye debe lile lile, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza Weris akaona kwamba yeye ni mzee kweli.

Shuaib aliporudi akipangusa midomo, Alio alisimama. "Dereva! Hutoki leo. Nilisema sawa, si sawa. Pampu ya maji inaondoka. Shika, tikisa mwenyewe."

Shuaib alitikisa, akapiga mluzi. "Ya Allah. Umeijuaje, fundi, na ulikuwa umeshamaliza kulisikiliza?"

"Sikuijua mimi," mzee alisema, kisha akaingia chini ya gari kabla swali lingine halijamfikia.

Pampu ilipatikana sokoni, na Shuaib akaondoka siku iliyofuata baada ya alfajiri. Jioni alipiga simu toka Wajir, sauti yake ina vumbi na furaha.

Lakini asubuhi ile, mara baada ya gari kuondoka, Weris alikuwa akianika nguo aliposikia kikohozi upande wa pili wa bati. Mzee hakupiga saluti. Alikuwa amevaa shati safi, amevaa kofia, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Adeer," alisema, "karakana yangu imejaa wanaume, na wewe ni mke wa mtu. Sikuombi uingie. Watu watasema."

"Watasema tu, adeer. Amran yuko."

"Kwa hiyo nimefikiri hivi. Magari nitayaleta mimi hapa kwenye uzio, pua kwa pua na nyumba yako. Wewe endelea na kazi zako. Fua, pika, nyonyesha. Ukisikia kitu, gonga hili bati. Mimi nitaweka mkono upande huu."

Weris alishika nguo yenye maji, yakamdondokea miguuni.

"Ngoja, usinijibu mimi," mzee alisema. Aliinama karibu na tundu, akashusha sauti yake ya gwaride mpaka ikawa ndogo. "Akirudi, mwambie Shuaib. Mwambie yote, hata lile la masikio yangu, maana mimi nimejaribu jana na ulimi umekataa. Mwambie wewe, vizuri, akiwa ameshakula. Mwambie Alio anaomba kuazima masikio ya mke wake, asubuhi tu. Jioni nitayarudisha."