Timu ya Uwanja wa Udongo

Kila nikirudi Kasulu, vijana wa chuo huniomba niwasimulie historia ya timu yetu ya mpira wa kikapu. Wanadhani ni historia ya makombe. Ni historia ya kufungwa, tena na watu wale wale: Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli.

Nilikuwa kapteni, na sikuwa mtu wa kufungwa kimya kimya. Nilikuwa nanuna wiki nzima. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu, ule unaomeza mpira. Usipoudunda kwa nguvu zote, unalala chini. Kule kambini uwanja ulikuwa wa saruji. Tukidunda kwa mazoea yetu, mpira unaruka juu ya vichwa, wenyeji wanaudaka huku wanacheka. Kocha wetu, mhadhiri kutoka Tanga, alitufariji kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa hesabu hiyo, washindani kama sisi hawakuwepo mkoa mzima.

Mwaka wangu wa mwisho nilitaka jambo moja tu: kuwafunga Mtendeli kabla sijahitimu. Tukahamishia mazoezi kwenye sakafu ya bwalo, tukajifunza kuubembeleza mpira, mpaka mpishi akatufukuza na mwiko wake. Tulipopata kibali cha kuingia kambini tukapanda lori, tukapita Kibondo tunaimba.

Tulikuta nyumba nyingi zimeezuliwa. Kambi ilikuwa inafungwa. Kapteni wao, jitu refu lenye adabu, alikuja kunipa mkono.

“Tuko bane tu, kapteni. Bengine balisharudi Burundi. Sisi gari yetu ni kesho.”

Mwamuzi hakutaka maneno mengi. Timu haijatimia watano, akasema, chuo kimeshinda. Wenzangu wakarukaruka kwa furaha. Mimi damu ikanichemka. Nimefungwa miaka yote ile kwa jasho langu, leo nipewe ushindi kama posho? Nikaigeuza jezi ndani nje, nikaenda kusimama upande wa wale wanne.

“Baba, umechanganyikiwa?” kocha akauliza.

“Wametimia, Mwalimu. Tucheze.”

Wenzangu walicheza kuliko siku zote. Mpira uliwatii, na mimi niliyewafundisha ndiye niliyetaabika kuwakaba. Tulikwenda sawa hadi mwisho, hapo kapteni wa Mtendeli, ambaye angeweza kufunga mwenyewe, akanirushia mimi. Nikautia kikapuni.

Wale wanne wakaninyanyua juu, wananiita ndugu. Nilicheka mpaka nikajikuta nalia, na sikuona aibu. Chuoni walinitania hadi mahafali, na walikuwa na haki: mechi pekee niliyowahi kushinda kule, niliwafunga wa kwetu. Niliyapokea maneno yao yote nikatabasamu, kwa sababu wale niliotaka kusherehekea nao walikuwa wameshavuka mpaka kurudi kwao, asubuhi iliyofuata mechi.