Sentensi za Nyumbani

Siku niliyoripoti shule ya kijiji cha Michenga, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki na somo la Kiingereza darasa la tano.

"Shikamoo, mkuu. Kiingereza changu ni kidogo."

"Marahaba. Wao hawana kabisa, kwa hiyo umewazidi," akacheka. "Ila mifano ya kitabuni wataikariri tu. Waache wataje vya kwao."

Nilifanya hivyo miaka yote. Somo nililolipenda lilikuwa la sifa ya upeo, yaani kusema kitu kimoja kimevipita vyote. Kanuni yake ni fupi: sifa hiyo hutanguliwa na kineno the, kwa kuwa anayetajwa ni mmoja tu. Tall, taller, the tallest. Watoto walitunga: mbuzi wa babu ndiye mnene kuliko wote, kambale wa mjomba ndiye mkubwa.

"Mwongo huyo, mwalimu!" mwenzake akadakia. "Mjomba wake hajui hata kutega!"

Kisha akaja Mthibiti Ubora, ofisa anayekagua ufundishaji. Sisi wa zamani tulimwita mkaguzi. Alikaa nyuma ya darasa. Agatha, binti mpole wa mkulima wa mpunga, akanyoosha mkono.

"My mother is the most tired in our house." Mama yangu ndiye aliyechoka kuliko wote nyumbani.

"Vizuri sana," ofisa akasema. "Mpigieni makofi."

Wakapiga. Agatha hakukaa. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama amechokaje?"

"Ana mimba, mwalimu. Jana alipalilia mpaka jioni. Leo miguu imevimba, kichwa kinamuuma, haoni vizuri."

"Mwalimu, endelea na hatua inayofuata," ofisa akasema.

Nilijua dalili hizo ni za hatari kwa mjamzito. Niliogopa kupoteza kazi, sitaficha. Nikaweka chaki, nikaenda ofisini. Mwalimu Mkuu hakuuliza mengi. "Tafuta bajaji. Darasa nitalishika mimi."

Tulimchukua nyumbani kwake, na njia nzima kwenda hospitali ya Ifakara kichwa cha mama yule kilikuwa mapajani mwangu. "Dada, nijibu," nilimwambia, naye akajibu. Baadaye akawa hajibu. Hospitali walimpokea mbio. Mtoto alitoka hai. Mama tulimzika Michenga.

Msibani watu walinisifu kwamba niliwahi. Kwa mtoto, ndiyo. Kwa mama, hapana.

Agatha aliporudi shuleni sikuthubutu kumwita. Niliuogopa mkono wake kuliko nilivyomwogopa mkaguzi. Siku moja akaunyoosha.

"My brother is the smallest in our house." Mdogo wangu wa kiume ndiye mdogo kuliko wote nyumbani.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walinitazama mimi.

"Anaendeleaje?" nikauliza.

"Ananyonya chupa, mwalimu. Shangazi anasema ana fujo kama mzee wa pombe."

Darasa likacheka, naye akacheka.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana hunijia niwaelekeze habari ya the, na hawakawii kuelewa. Kisha nawaambia wasilolitarajia: mtoto akitunga sentensi sahihi, muulizeni kama ni kweli. Huitikia, hushukuru, huondoka. Nami hubaki na wasiwasi, maana kesho watakuwa na darasa lililojaa watoto, na mimi sitakuwepo.